Kila Ijumaa nabaki na shilingi 80

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni kijana wa miaka 20, kwetu ni Lamu, na baba yangu ni mvuvi. Tangu Januari nasoma chuo hapa Malindi, kozi ya umeme, mwaka wa kwanza. Kodi ya chumba hulipa mjomba, kwa hiyo hiyo si shida yangu. Shida yangu ni tumbo.

Kila Jumapili usiku baba hunitumia shilingi 1,400 kwa M-Pesa. Ni za chakula tu, maana nauli sihitaji, chuo ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Najua nikizigawa ni 200 kwa siku, lakini hazinifikishi. Asubuhi nanunua chai, mahamri mawili na mbaazi, 80. Mchana wenzangu wote huenda kibanda cha chipsi kilicho karibu na lango la chuo, nami naenda: chipsi na soseji 120, soda 50. Usiku ni chapati mbili kwa maharagwe, 80. Jumla 330. Ijumaa nikiamka mfukoni zimebaki 80. Jumamosi na Jumapili ni chai ya rangi na biskuti, au nalala mchana kutwa ili njaa isinione.

Mwezi uliopita nikaanza kuchoka ovyo. Ngazi zinanishinda, darasani nasinzia. Nilikwenda zahanati, nikapimwa, nikaambiwa damu iko chini kidogo, nikapewa vidonge vya kuiongeza. Nilivimeza siku tatu, nikaona choo kimekuwa cheusi, nikaogopa, nikaacha. Sasa kuna mwenzetu darasani anauza unga wa kopo, anasema una vitamini zote na unaleta damu kwa wiki mbili. Kopo ni 2,500, na amekubali nimlipe kwa awamu.

La mwisho naona haya kulisema. Chumbani tuko wawili. Mwenzangu ni Mgiriama, kwao Kakoneni, na kila jioni hupika sima kwa mnavu au majani ya kunde, siku nyingine mchunga. Wiki ya kwanza alinikaribisha. Nikacheka, nikamwambia kwetu hayo ni majani ya mbuzi. Hakunijibu. Tangu siku hiyo anapika, anakula, anaosha sufuria yake, na mimi hanikaribishi. Yeye hutumiwa pesa kidogo kuliko mimi, lakini sijamwona hata siku moja akilala na njaa.

Nyumbani sijawahi kushika mwiko, mama na dada zangu ndio wapikao. Nimwombe baba aongeze? Sasa ni kusi, bahari imechafuka, na hali yake naijua.

Ni mimi mwanao,
Mwana wa Mvuvi, Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na vidonge, maana chakula kinaweza kungoja aya mbili. Vidonge vya madini ya chuma hugeuza choo kuwa cheusi. Ndivyo vilivyo, na lau aliyekupa angekutanguliza hilo ungelala usingizi. Virudie kama ulivyoandikiwa. Vikikuchafua tumbo, vimeze pamoja na chakula. Maji uliyokamulia ndimu yanavisaidia kuingia mwilini, chai inavizuia, basi chai yako iache ingoje saa nzima. Choo kikiwa kinanata kama lami na tumbo linauma, hilo ni jambo jingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na zahanati urudi kwa vyovyote. Kijana wa kiume wa umri wako hapungukiwi damu hivi hivi kwa sababu ya chipsi. Hapa pwani tuna malaria, tuna minyoo, tuna kichocho kwa waliokulia kuoga madimbwini. Waombe wakupime na choo na mkojo, wakitafute chanzo.

Unga wa kopo usinunue. Huyo mwenzako hajakupima damu, wala hajui kilichoipunguza. 2,500 ni karibu wiki mbili za chakula chako, na ukilipa awamu ya kwanza, biskuti utaanza kuzila Jumatano badala ya Jumamosi.

Sasa nimekaa na barua yako na kalamu. Chipsi, soseji na soda ni 170 kwa siku. Kwa siku nne ni 680. Karibu nusu ya pesa ya baba inaishia kwenye kibanda kimoja, mchana, na hapo hujapata mboga wala tunda. Soda peke yake ni 200, yaani siku yako nzima. Na soseji, mwanangu! Mtoto wa Lamu, baba yuko baharini na nyavu, mtoto yuko Malindi anatafuna soseji. Nilicheka mpaka jirani akaniuliza kuna nini, nikamsomea, akacheka naye. Usikasirike, hatujui jina lako.

Mbaazi zako za asubuhi sizigusi. Waliotangulia walioziweka pamoja na mahamri hawakusoma somo la lishe, lakini walipatia: mbaazi zina protini, na kinachokosekana ndani yake kipo kwenye ngano, na kinachokosekana kwenye ngano kipo kwenye mbaazi. Ndivyo ilivyo pia kwa wali na pojo, kwa sima na kunde. Hamri liwe moja siku nyingine, maana ni unga mweupe uliozama kwenye mafuta, ila mbaazi zijae sahani. Hata chapati na maharagwe ya usiku si chakula kibaya. Ubaya wake ni kwamba unavinunua vimepikwa, kila siku, sahani moja moja, na mpishi naye ana watoto wa kulisha.

Kwa hiyo kuomba nyongeza, hapana. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Hizo 1,400 si nyingi, sitakudanganya, na mtu mmoja akizipikia peke yake zitambana. Watu wawili wakizitia chungu kimoja, zinatosha wakala wakashiba. Kwa huyo wa pili nitarudi, maana ndiye jibu la barua yako.

Pesa ikiingia Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi ondoa 700 kabla hujapita pale kibandani. Hizo ni za vikavu: unga wa sima, mchele, pojo, mbaazi, maharagwe au kunde kavu, mafuta kidogo, vitunguu. Nunua kwa kilo au kwa kibaba sokoni, si kwa vipakiti vya dukani mtaani, maana anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi. 500 ni za mboga, samaki, mayai na matunda, nazo usizitumie siku moja. 200 ni za makaa au gesi na dharura. Bei ya kila kitu sitaiandika, maana ikipanda kesho utaniona mwongo.

Katika vikavu, kipenzi changu kwa mwanafunzi ni pojo. Maharagwe yanataka subira na makaa, pojo zinaiva hata hazijafika saa nzima. Ukishaswali alfajiri zitie motoni, na ukimaliza kuoga na kuvaa zimelainika. Kaanga kitunguu na nyanya pembeni, changanya, tia chumvi mwisho. Chuo kiko dakika kumi, basi mchana rudi nyumbani, zichemshe tena mpaka zitokote, ule na muhogo wa kuchemsha au wali. Muhogo ni wanga tu, hautoshi peke yake, lakini ukiwa na pojo ubavuni ni chakula cha mtu mwenye kazi. Mayai yakichemshwa asubuhi hubebeka hata mfukoni. Wenzako wa kibandani usiwakimbie. Nenda nao siku moja kwa wiki, kula chipsi zako, kunywa maji, piga soga. Ni chakula cha anasa, na anasa mara moja haiui mtu.

Maharagwe yaweke Jumamosi, siku uliyokuwa ukilala ili njaa isikuone. Yaloweke Ijumaa usiku. Asubuhi mwaga yale maji, tia mapya, yachemshe kwa nguvu dakika zisizopungua kumi. Hapo usifanye mzaha: maharagwe mekundu yasipochemka sawasawa hutapisha. Yakishatokota nusu saa hivi, funika sufuria, izungushie blanketi zito, iweke ndani ya katoni, uendelee na nguo zako za kufua. Adhuhuri yafungue uyatie motoni kidogo, utakuta yamelainika na makaa hukuyatumia. Mimi hufanya hivyo tangu mtungi wa gesi ulipoanza kunitoa jasho.

Nazi unaijua, lakini kuila na kuitumia ni mambo mawili. Ikune, kamua tui zito uliweke kando, tia maji tena ukamue tui jepesi. Jepesi ndilo la kupikia, zito linaingia mwisho chungu kikikaribia kuepuliwa. Nazi moja inatosha chungu cha wawili. Si lazima kila siku, mafuta yake ni mengi. Na chakula cha tui usikilaze: joto hili la Malindi bila friji, kesho yake kimeshachacha. Wali nao pika wa kumaliza. Kiporo cha wali kilichokaa nje usiku kucha kinaweza kukulaza kitandani hata ukikipasha moto.

Sasa hayo majani ya mbuzi.

Nadhani najua kauli hiyo umeitoa wapi. Lamu ni kisiwa, mboga nyingi huja kwa mashua kutoka bara, kutoka mashamba ya Mpeketoni na Witu, na wewe umekua macho yako yako kwenye samaki. Mama yako alipika mchicha, nina hakika. Wewe uliusogeza kando ya sahani ukavuta samaki. Malindi ni bara. Huku mboga hulimwa kandokando ya Mto Sabaki na huko ndani Kakoneni, na mvua za masika zikinyesha nyingine huota zenyewe. Kwa hiyo ni rahisi, na kwa kuwa ni rahisi watu wanadhani ni duni. Mnavu, majani ya kunde, mchicha, matembele, kisamvu: humo ndimo mna chuma ambacho vidonge vinakutafutia, na vitamini ya macho, na nyuzinyuzi za tumbo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale gramu zisizopungua 400 za mboga na matunda kwa siku. Wewe, kwa hesabu yako mwenyewe, unakula vitunguu vya kwenye mbaazi.

Chuma cha kwenye majani ni kigumu kuchukuliwa na mwili kuliko kile cha nyama na samaki. Dawa yake ni ndimu. Ikamulie kwenye mboga iliyo sahanini, au kula embe au pera baada yake. Chai ile ile ya rangi inayokuzuilia vidonge inazuia na hiki. Kisamvu lazima kitwangwe na kipikwe sana, muhogo mbichi na majani yake vina sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Na mnavu usijichumie mwenyewe ukiwa mgeni, matunda yake mabichi ni sumu na mimea ya kufanana nao ipo. Mwache anayeujua achague.

Samaki sikufundishi kumchagua, mtoto wa mvuvi anajua shavu jekundu na jicho angavu. Nitakuambia wa kumnunua tu. Achana na nguru na kolekole, hao ni wa hoteli. Nenda panaposhushwa samaki mashua zikirudi, ulizia vibua au fungu la dagaa. Dagaa waliokauka waoshe maji mengi mchanga utoke, wapike na nyanya na ukwaju, na wale na miba yao, ndiyo inayokupa chokaa ya mifupa. Ila vibua vilivyoshinda juani viache hata ukipewa bure. Hujenga sumu isiyokufa kwa moto, na mtu akivila huwashwa mwili mzima, uso ukamwiva, kichwa kikampasuka.

Kusi kama hii samaki wabichi ni adimu na ghali, na hapa ndipo baba anapoweza kukusaidia bila kuongeza shilingi. Mwambie mama akufungie ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, walete kwa basi la kutoka Mokowe. Kipande kimoja kinatia ladha chungu kizima cha mboga, na hakihitaji friji. Kiloweke usiku, umwage maji yake, maana chumvi iliyomo ni nyingi, na mtu mzima chumvi yake ya siku nzima haifai kupita kijiko kimoja cha chai. Ukitumia ng'onda, chungu usikitie chumvi nyingine.

Matunda fuata msimu tu. Maembe yatakuja mwisho wa mwaka, yatajaa mpaka uyachoke, ngowe na boribo. Kwa sasa chukua ndizi, papai, machungwa, kinachouzwa kwa fungu. Mwenye kiu ya soda anunue unga wa ubuyu mtupu, si zile kokwa zilizotiwa rangi na sukari, auvuruge kwenye maji. Vitamini C yake ni nyingi, na kwetu huku mibuyu haituishi.

Basi nirudi chumbani kwenu.

Mwenzako anatumiwa kidogo kuliko wewe na halali na njaa. Umeliona kwa macho yako ukaliandika kwa mkono wako, kisha ukaniuliza mimi wa mbali. Yeye anajua mama mboga gani ana mafungu makubwa, anajua siku gani mzigo unaingia kutoka kwao, anajua kusonga sima. Wewe umempa jina la mbuzi kwa chakula alichokupa kwa mkono wake. Kwetu sote, mtu wa Lamu na Mgiriama, mtu akikukaribisha na huli, unasema ahsante nimeshiba. Hucheki.

Usimwandikie ujumbe wa simu. Keti naye, mwambie: ndugu yangu, siku ile nilikukosea, nisamehe. Usiongeze maelezo ya Lamu na samaki, maelezo huharibu radhi. Asipokujibu siku hiyo pia usimlaumu, ana haki yake. Akikujibu, mweleze kwamba unataka kuingia chunguni: utaweka 700 zako za vikavu, utalipa nusu ya makaa, na kuosha sufuria ni kazi yako mpaka ujue kupika. Muombe akufundishe sima kwanza. Utaisonga ya madonge wiki nzima, mtakula hivyo hivyo. Ng'onda wa mama yako wakija, wa kwanza kufungua kifurushi awe yeye.

Na usingoje Jumapili. Ijumaa hii ukiamka na zile 80, usinunue biskuti. Nunua nazi na ndimu mbili, rudi nazo jioni anapochambua mnavu, umuombe radhi, kisha umuulize mbuzi ya kukunia iko wapi.